Kabini inavuja, maji yananimwagikia nikishika breki. Mafundi watatu wamepaka silikoni, bado

KichwaKitupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wazee wa barabara naombeni mnisaidie kabla sijaanza kufuga sato humu ndani.

Mimi ni dereva wa kichwa na tela, njia yangu Dar–Tunduma, mzigo ukilazimisha navuka Nakonde, upande wa Zambia, hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Gari ni mtumba wa Ulaya, kabini ya juu ya injini, vitanda viwili. Nimekabidhiwa mwaka jana. Injini safi, gia safi. Tatizo mvua.

Lilianza vuli kama doa la unyevu kwenye kapeti, miguuni kwa utingo. Nikajua kamwaga maji ya kunywa, nikamsema. Masika ilipochanganya ndipo nikajua nimemwonea. Wiki iliyopita mvua imetukuta Iringa, tukalala Ilula, usiku kucha inapiga. Asubuhi tunashuka Kitonga, kona ya kwanza nagusa breki, maji ya baridi yakanishukia shingoni kama kopo zima. Utingo akacheka. Kona ya pili yakamfuata yeye.

Pasipoti ilikuwa kwenye kabati la juu. Muhuri wa Nakonde umesambaa, sasa unafanana na ramani ya Ziwa Rukwa. Nyaraka za mzigo zimepona kwa sababu nilizifunga kwenye nailoni.

Fundi wa kwanza alipaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele. Wa pili akapaka juu ya ya mwenzake. Wa tatu akasema hawa wote hawajui kazi, ni mpira wa mlango, akabadilisha, 80,000 ikaondoka. Mvua iliyofuata, maji palepale.

Bosi anasema naacha dirisha la juu wazi. Kabini inanuka gunia la dagaa lililolowa. Na kuanzia juzi taa ya ABS (ule mfumo wa breki wa kuzuia tairi kujifunga) inawaka na kuzima. Picha zinagoma kupanda, nitajaribu baadaye. Nawasilisha.

Utingo Mstaafu

Pole sana mkuu. Enzi zetu nilikuwa nalala kitanda cha juu na mwavuli. Sitanii. Dereva wangu alikuwa ananiuliza "huko juu kunanyeshaje?"

Baridi ya Makambako

Dawa ndogo tu hiyo. Ukipaki jioni washa jiko la mkaa, likishakolea liingize kabini, funga vioo, kaa nalo nusu saa. Kapeti inakauka kau. Mimi nafanya kila Juni na Julai, na joto unapata.

FundiBodi Moro

Baridi ya Makambako, kaka, usirudie hilo tena na usimfundishe mtu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho. Unasikia kichwa kizito, unasema nimechoka na safari, unajilaza, na ndiyo basi. Kabini ni kasanduku tu, hewa yake inakwisha upesi. Jiko la gesi nalo usilisogeze ndani kwa ajili ya kukausha. Mbali na hatari, gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, kwa hiyo unakausha huku unalowesha.

Tuje kwa mwenye uzi. Mimi ni fundi bodi, malori ndiyo kazi yangu, na hii ya kuvuja napata kila masika. Kabla sijasema lolote nijibu haya:

Maji yanaingia gari likiwa limepaki, au mpaka utembee? Ukiosha gari bila mvua, yanaingia? Ukiwasha AC siku ya jua kali, kapeti inalowa? Na hayo maji ya Kitonga, yalitoka upande gani wa dari, katikati au pembeni?

Msafiri Hafiki

Fundi anauliza maswali kama trafiki 😂 Mwambie apake lami ya moto juu ya paa yaishe.

KichwaKitupu

Fundi nashukuru. Limepaki, yanaingia. Likioshwa na mashine upande wa mbele hayaingii, nilimwambia muoshaji apige kioo kwa makusudi, pakavu. AC haihusiki, imekufa tangu nalipokea. Maji ya Kitonga yalitoka kwenye ukingo wa kabati la juu, katikati, kisha yakahamia kushoto kwa utingo.

FundiBodi Moro

Vizuri. Hapo umeshajijibu nusu.

Kioo kimepigwa maji ya presha na hakikuvuja. Basi hao wawili wa silikoni walikuwa wanatibu jino zima. Pili, maji yakimwagika *unaposhika breki*, maana yake hayaingii muda ule. Yameshaingia zamani, yamekaa mahali kama bakuli, gari likiinama yanamwagika. Bakuli lenyewe ni sehemu ya mbele ya paa, nyuma ya kabati la juu. Kwa hiyo yanaingilia paani, nyuma ya hapo.

Watu wanakosea hapa: wanaona tone linadondokea wapi, wanaziba hapohapo. Ndani ya paa la kabini kuna mbavu za bati. Maji yakiingia tundu la nyuma yanapanda ubavu, yanatembea nao mita nzima, yanakutana na waya, yanafuata waya, yanashuka na nguzo ya kioo, yanatokea miguuni kwa utingo. Wewe unalaumu mlango.

Niambie una nini juu ya paa. Spoila? Honi za upepo? Taa za urembo? Antena?

KichwaKitupu

Vyote fundi 🙈 Spoila ilikuja na gari. Honi mbili na taa tano za rangi niliweka mwenyewe Septemba, kwa fundi pambo.

Utingo Mstaafu

Septemba taa, Novemba maji. Mkuu umejinyweshea mwenyewe.

Tairi Kipara

Nipingane na fundi kidogo. Mimi kioo changu nimepaka silikoni mwaka wa pili huu, hakivuji hata tone. Tusiikashifu silikoni, ni suala la mpakaji.

FundiBodi Moro

Tairi Kipara, sikatai kwamba imezuia maji. Swali ni linaloendelea chini yake. Ile silikoni ya bei rahisi ukiikamua inanuka siki, si ndiyo? Hiyo harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka. Ikikuta rangi nzima haina neno. Ikikuta bati lililokwanguka, au lenye kutu tayari, inachochea kutu, nawe huoni kwa kuwa umeifunika. Siku kioo kikitolewa unakuta fremu imekuwa maandazi.

Na kuna kero nyingine ya sisi mafundi. Silikoni ikishapakwa, mabaki yake hayatoki kirahisi, na juu yake hakishiki kitu, si rangi, si gundi halisi ya kioo. Nikiletewa gari lililopakwa mara tatu, nusu siku naimalizia kukwangua. Kioo kinachogandishwa kinataka gundi nyeusi ya poliyurethini na praima yake, juu ya bati safi. Ile inakomaa kwa unyevu wa hewa, haraka haisaidii. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye tyubu, uusome kabla hujaliwasha gari.

Kioo chako kikiwa cha mpira, cha kizamani, hapo habari ni nyingine. Mpira ukikauka na kupasuka pembeni, nunua mpira.

Lori Ughaibuni

Niongeze kutoka upande huu. Niko Uingereza, naendesha lori. Huku kipindi cha baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na ile chumvi inapanda hadi kwenye kabini, inajificha chini ya mipira na kwenye viungo vya bati. Kichwa kikishazeeka kinapakwa rangi, kinapanda meli, kinafika Dar kinang'aa. Mnaponunua acheni kuangalia rangi. Pandeni kwenye ngazi ya mbele, bonyezeni pembe mbili za chini za kioo kwa kidole gumba. Rangi ikiwa imevimba kama lengelenge, hapo chini hakuna bati, kuna kutu. Pia inueni kapeti miguuni kabla ya kutoa hela. Muuzaji atawaangalia vibaya, mwacheni aangalie.

Mtu wa Mariakani

Poleni sana ndugu zangu wa Bongo. Mimi niko njia ya Mombasa–Malaba. Yangu ilikuwa tofauti, wacha niwaeleze kwa sababu ilinisumbua miezi minne.

Juu kote kulikuwa kukavu. Kioo kikavu, dari kavu. Lakini mvua ikinyesha usiku, asubuhi kapeti ya upande wangu imelowa chepechepe, hasa karibu na kizingiti cha mlango. Nikabadilisha raba ya mlango, wapi. Nikaenda kwa mzee mmoja Mlolongo, hakuuliza mengi, akafungua ile plastiki ya ndani ya mlango. Akaniita: "Njoo uone kazi ya msanii wako."

Kumbe mlango wa gari huwa unaingia maji siku zote, na si makosa. Maji yanapita kando ya kioo, yanashuka ndani ya mlango, yanatokea chini kwenye vitundu. Ndiyo maana nyuma ya ile plastiki hubandikwa nailoni, ili maji yabaki upande wa nje. Jamaa aliyeniwekea spika alikuwa ameikata nailoni kwa wembe, shimo la sahani. Halafu vile vitundu vya chini vilikuwa vimezibwa na puti siku gari liligongwa likanyooshwa. Basi mlango unajaa kama mtungi, ukijaa unamimina kwangu.

Mzee alitoboa vitundu, akabandika nailoni mpya kwa ile gundi ya utepe ya butili isiyokauka, siku moja kazi ikaisha. Spika nilirudisha, siwezi kuenda Malaba bila rumba.

KichwaKitupu

Mtu wa Mariakani, na mimi nina spika mlangoni 😭

Mama Tela

Habari zenu. Nina vichwa viwili barabarani, kwa hiyo mimi ni hao mabosi mnaowasema.

Mdogo wangu KichwaKitupu, nikushauri jinsi ya kumpata bosi wako. Dereva akinipigia "bosi, kabini inavuja," moyoni nasema huyu anatafuta hela ya wikendi. Ananiambia godoro limelowa, namwambia anika. Lakini akinitumia video ya maji yanatiririka kwenye boksi la fyuzi, hela inatoka kabla video haijaisha. Kapeti haimuumizi tajiri. Umeme unamuumiza. Gari likizima porini na mzigo wa mtu, kila siku inayopita ni hela.

Kwa hiyo fungua dashibodi upande wa utingo, angalia boksi la fyuzi. Kama nguzo ya kushoto inashusha maji, yanaishia hapo. Piga video na tochi, mtumie bila maneno mengi.

FundiBodi Moro

Mama Tela kanena. Ila kabla hujagusa chochote kwenye boksi, zima swichi kuu ya betri, au toa terminali ya negativu. Ile ni volti 24 na kuna kompyuta humo.

Ukikuta pini zimeota kijani, usipige maji wala petroli. Kuna spreyi ya kusafishia soketi za umeme, inauzwa maduka ya spea. Piga, sugua taratibu na mswaki mkavu, acha wazi hewa ipite mpaka pakauke kabisa, ndipo uwashe. Upepo wa kompresa usogeze kwa mbali, ukikaribia unasukuma maji ndani zaidi.

Sasa namna ya kulisaka tundu. Unahitaji mpira wa maji wa kawaida, usitumie presha. Presha inapenyeza hata pasipovuja mvua, utaishia kuziba gari zima. Utahitaji pia utingo, tochi na poda ya mtoto.

Shusha makabati ya juu na dari ya mbele, skrubu hazizidi kumi na kitu. Kausha kila kitu kwa kitambaa. Pulizia poda kwenye mbavu za paa na kuzunguka kila boliti unayoiona. Utingo akae ndani na tochi, milango imefungwa. Wewe nje anzia *chini*. Mwagia miguuni pa kioo dakika kumi, hamna kitu? Panda pembeni mwa kioo, dakika kumi. Panda ukingo wa paa. Ukianzia juu maji yanashuka yanalowesha kila kitu, hujui tundu ni lipi. Watu wengi huishiwa subira dakika ya tatu. Maji yanatembea polepole, yape muda.

Poda ikiguswa na maji inaacha mfereji. Ufuate mfereji kwa kurudi nyuma, utakupeleka mlangoni mwa mwizi.

Neno moja la mwisho. Usiilaze kabini mbele, ile ya kufungua injini, kabla hujatoa kila kitu ndani. Kabini ikilala mbele, maji yaliyoko nyuma yote yanakuja kwenye dashibodi, na jagi la chai linakuja kwenye kioo. Nimeshabadilisha vioo viwili kwa sababu ya chupa ya chai.

Baridi ya Makambako

Fundi, nimekubali, jiko nimetoa. Kwa kweli nilikuwa naamka na kichwa kinagonga, nikidhani ni altitudo.

Lakini swali langu liko palepale. Mimi nalowa mwezi wa saba, na mwezi wa saba huku mvua hakuna. Asubuhi kioo kinatiririka kwa ndani, bati la nyuma ya godoro linatoa jasho, godoro upande wa ukutani lina madoa meusi. Nani ananimwagia?

FundiBodi Moro

Unajimwagia wewe na utingo wako.

Chukua soda ya baridi, iweke mezani Tunduma mchana. Chupa inalowa nje, na haijavuja. Kabini yako ni hiyo chupa, ila imegeuzwa. Nje Makambako usiku kunaganda, bati limepoa. Ndani watu wawili wanapumua kwa muda wa saa nane. Kila pumzi ina mvuke, na jasho la mwili linaongeza. Mkiamka, mmeshatoa maji ya zaidi ya glasi moja kila mtu, na vioo mmefunga, yataenda wapi? Yanagandia kwenye bati na kioo.

Kama unabishana na mtu kuwa ni jasho au ni tundu, bandika kipande cha nailoni cha saizi ya daftari pale panapolowa, gundisha kingo zote kwa utepe, lala. Asubuhi, maji yakiwa juu ya nailoni upande wako, ni hewa ya ndani. Yakiwa chini ya nailoni, upande wa bati, yanatoka kwingine.

Dawa yake ni kuacha upenyo, dirisha hili kidogo na lile kidogo, hewa ipite. Nguo mbichi zisilale ndani. Godoro lisigusane na bati, weka hata vijiti vya mbao nyuma yake.

Baridi ya Makambako

Upenyo nao una wenyewe fundi. Maegesho ya huku ukiacha dirisha vidole vinne, simu inatoka kwa fimbo ya waya ukiwa umelala.

FundiBodi Moro

Vidole viwili basi, na simu weka chini ya goti. Kukiwa hakunyeshi tumia dirisha la juu, hakuna fimbo inayofika. Na AC ikiwa nzima, asubuhi iwashe *pamoja* na joto, upepo kwenye kioo. Watu hawajui hii. AC inakamua unyevu kwenye hewa, joto linaukausha ukuta. Dakika chache tu kioo kinakuwa safi, unaona nje.

Madoa meusi ni ukungu. Yafute na siki, au na jiki iliyozimuliwa, milango wazi na kitambaa puani. Moja kati ya hivyo viwili, usivichanganye abadani, vinatoa gesi ya klorini. Godoro likiwa jeusi hadi ndani ya sponji, hilo si la kufuta, ni la kutupa.

Foleni Whisky

Niko Kasumbalesa kwenye foleni siku ya tatu, nina muda wa kuchangia 😅

Kwa wenye AC inayofanya kazi: ukipaki na AC inanguruma, chini ya gari lazima kuwe na tone tone. Maji ya AC hayo, safi. Usipoyaona chini, yatafute kwenye kapeti. Kuna mpira mdogo wa kuyatoa nje, unatokea nyuma ya shoo (uso wa mbele wa gari). Wangu uliziba kwa vumbi na majani ya mwarobaini, maana huwa napaki chini ya mwarobaini. Nilipulizia upepo wa tela kwa nguvu zote, ule mpira ukachomoka ndani ya dashibodi, ikawa kesi mpya. Pulizeni kwa adabu.

Pia, maji ya kwenye kapeti yakiwa yanateleza kama sabuni na yana harufu ya utamuutamu, hiyo si mvua. Ni kulanti (maji ya kupozea injini), rejeta ndogo ya hita imetoboka. Angalieni kama maji ya rejeta yanapungua. Ukipuuza hiyo utaua injini huku unapigana na kapeti.

Msafiri Hafiki

Kwa hiyo lami tumeikataa rasmi?

KichwaKitupu (siku nne baadaye)

Wakuu, marejesho.

Nilipata mapumziko ya siku mbili Mafinga kusubiri mzigo. Nikamwambia utingo leo hatulali, tunatafuta mwizi. Makabati tumeshusha. Nyuma ya kabati la katikati, kwenye bati la mbele la paa, nimekuta maji yamesimama, na ndani yake soksi moja ya dereva aliyenitangulia. Fundi ulisema bakuli, nikadhani mfano tu.

Tukakausha, tukapiga poda. Utingo ndani na tochi, mimi nje na mpira. Chini ya kioo, kavu. Pembeni mwa kioo, kavu. Ukingo wa paa, kavu. Honi, kavu, nilishangaa. Nikahamia kwenye boliti za spoila. Dakika ya sita utingo akapiga bati mara tatu, ishara yetu. Nikaingia. Kwenye poda kulikuwa na mstari mwembamba, kama njia ya konokono, unatoka boliti ya nyuma kushoto, unakuja mbele juu ya ubavu, halafu katikati unakutana na waya wa zile taa zangu za rangi. Hapo mstari unagawanyika. Mmoja unaenda kwenye bakuli. Mwingine unashuka na waya, unaingia nguzo ya kushoto, moja kwa moja kwenye boksi la fyuzi.

Boliti yenyewe haikuwa na washa ya mpira (kile kipete cha kuzuia maji) kabisa. Fundi pambo aliilegeza kupitisha waya, akarudisha chuma kwa chuma. Na tundu alilotoboa la waya limeachwa hivihivi, bati liko uchi, limeshaanza rangi ya kahawia.

Video nimemtumia bosi, nimefuata ushauri wa Mama Tela, sikuandika hata neno. Alinipigia kabla sijafunga simu. Mama, Mungu akuzidishie vichwa.

Mama Tela

Amina mwanangu. Viwe vikavu tu.

FundiBodi Moro

Kazi nzuri sana, mpe utingo soda.

Sasa usirudi kwenye silikoni. Toa boliti zote nne za spoila, hata zisizovuja, maana zimezeeka pamoja. Kwangua kuzunguka tundu kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, praima ya zinki, rangi, acha ikauke. Washa mpya za mpira, usikate tyubu ya pikipiki. Gundi ya poliyurethini chini ya washa, kaza kwa kiasi. Ukikaza kwa hasira mpira unatoka pembeni.

Tundu la waya linataka mpira wake wa kupitishia waya, ule wa duara wenye mfereji. Na waya kabla haujaingia tunduni uutengenezee kitanzi kinachoning'inia chini. Maji yakifuata waya yatafika chini ya kitanzi, yatadondoka, hayawezi kupanda mlima.

Silikoni ya kioo iache kwa sasa. Kiangazi njoo tutoe kioo, tuone wale wawili wametuachia nini. Sikuahidi habari njema.

KichwaKitupu

Nimefanya yote, gundi nimeipata Iringa. Kapeti nayo niwasimulie. Juu ilikuwa kavu kabisa. Nilipoinua, chini kuna sponji nene, tukaikamua mimi na utingo kila mmoja ameshika upande kama tunakamua blanketi la hospitali. Imekaa juani siku mbili. Bila kutoa ile sponji ningeanika kapeti mpaka Krismasi.

Boksi la fyuzi lilikuwa na kijani kwenye soketi mbili, nimesafisha na spreyi. Taa ya ABS bado inawaka. Fundi umeme kaniambia haina uhusiano na maji, ni soketi ya waya wa tela imelegea. Kwa hiyo nilikuwa nayasingizia maji.

Tairi Kipara

Jamani leo nimebonyeza pembe ya kioo changu kwa kidole kama alivyosema wa Uingereza. Kidole kimezama. Fundi wa Moro, namba yako naomba inbox.

FundiBodi Moro

😂 Karibu kaka. Njoo kiangazi, na uje na subira.

KichwaKitupu (wiki mbili baadaye)

Niko Igawa, mvua inapiga tangu saa kumi jioni. Nimetandika gazeti juu ya dashibodi, ndani ya makabati na miguuni kwa utingo. Nimeshika breki za makusudi mara tatu, shingo kavu. Gazeti la makabatini kavu. La miguuni kavu.

Ila kona ya nyuma kushoto, juu ya kitanda cha utingo, bado kuna unyevu kila asubuhi. Nikabandika nailoni kama fundi alivyoelekeza. Maji yakawa juu ya nailoni, upande wetu. Nikawasha tochi niangalie vizuri. Jamaa ana kamba yake nyuma ya pazia, kaanika taulo, jozi tatu za soksi na suruali ya jinzi.